Injini Kuukuu ya Boti: Itunze Nayo Ikutunze



Vikundi vingi vya Ziwa Victoria, kutoka Mbita hadi visiwa vya Mfangano na Remba, na hata wenzetu wa Pwani kule Lamu na Shimoni, vina kitu kimoja kinachofanana. Viko na boti, na nyuma ya boti imefungwa injini ya petroli iliyonunuliwa kwa mkono wa pili. Injini hiyo mara nyingi ina umri mkubwa kuliko kijana anayeiendesha. Ikiwaka, kila mtu anafurahi. Ikikataa, kikundi kizima kinasimama.

Mimi si fundi. Nilisomea ustawi wa jamii, na kazi yangu ni kukaa na vikundi na kusaidia mahali panapowezekana. Lakini kuna siku moja iliyonifanya nikae chini na mafundi wa jua kali wa ufuoni, niulize maswali mpaka nielewe. Wacha niwaeleze.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha kisiwani, chenye wanachama 22, akina mama wauza omena na wavuvi. Walikuwa wamechanga kwa mwaka mzima, shilingi kwa shilingi, wakanunua injini kuukuu ya nguvu za farasi 15. Mchana ilibeba samaki na abiria. Usiku, kukiwa na mgonjwa, ilikuwa ndiyo ambulensi. Injini ilifanya kazi miezi minne. Mwezi wa tano, usiku, walikuwa wakimpeleka mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu. Katikati ya maji injini ilipiga kelele ya chuma, ikapunguza mwendo, ikanyamaza. Kamba haikuvutika tena. Walipiga kasia kwa muda wa saa tatu. Namshukuru Mungu, mama alifika na mtoto alifika. Lakini hakuna mtu wa boti lile aliyesahau usiku huo.

Fundi alipoifungua injini alitikisa kichwa. Pistoni ilikuwa imekwaruzwa na kushikana na silinda. Sababu? Mtungi wa akiba ulikuwa na petroli tupu, bila oili. Kijana aliyejaza alidhani mwenyekiti alikwisha changanya. Mwenyekiti alidhani kijana atachanganya. Watu walimlaumu kijana, lakini mimi niliuliza mkutano: ni nani aliyewahi kumfundisha? Hakuna aliyenyosha mkono.

Makala hii ni kwa ajili ya vijana kama huyo, na kwa wenyeviti wao.

HII INJINI INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Injini nyingi kuukuu za boti ni za mapigo mawili, ambazo mafundi huziita "tuu-stroki". Injini ya gari ina oili yake tumboni. Oili inakaa pale, inazunguka, na unaibadilisha baada ya muda. Injini ya mapigo mawili haina oili tumboni. Petroli na hewa hupitia kwanza chini ya pistoni, mahali penye krankshafti na beringi zake, halafu ndipo hupanda juu kwenda kuchomwa. Kwa hiyo oili haina pahali pa kukaa. Inasafiri pamoja na petroli, inalainisha vyuma njiani, kisha inaungua na kutoka kama moshi.

Ukielewa jambo hili moja, umeelewa nusu ya kazi. Petroli bila oili ni chuma kusugua chuma. Injini haitakuonya mapema. Itafanya kazi vizuri kwa dakika chache, hata utafikiri ina nguvu zaidi, halafu itashika. Ndivyo ilivyotokea usiku ule.

Injini za namna hii zimedumu kwa sababu ni nyepesi, zina vyuma vichache, na fundi wa ufuoni anaweza kuzifungua kwa spana chache. Injini ya kufungwa nyuma ya boti ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani, ambapo Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei, alianza biashara yake mwaka wa 1909. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka wa 1960, na leo jina hilo ndilo linalosikika sana katika fuo zetu.

KUCHANGANYA OILI NA PETROLI

Kwanza, tafuta kitabu cha injini au kibandiko kilichoko kwenye injini, usome kipimo chake. Injini nyingi za tangu miaka ya 1970 na 1980 hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Zile za zamani zaidi hutaka oili nyingi, sehemu 25 kwa 1 au karibu na hapo. Ziko pia zilizoandikwa 100 kwa 1. Ikiwa hakuna kitabu wala kibandiko, uliza fundi anayeijua aina hiyo kabla ya kuiwasha.

Hesabu yake ni hii:

Kwa kipimo cha 50 kwa 1:
- Petroli lita 5, oili mililita 100.
- Petroli lita 10, oili mililita 200.
- Petroli lita 20, oili mililita 400.

Kwa kipimo cha 25 kwa 1, zidisha oili mara mbili: lita 5 kwa mililita 200, lita 10 kwa mililita 400, lita 20 kwa mililita 800.

Usipime kwa macho, wala kwa kifuniko cha chupa. Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita, uikatie alama kwa msumari: mililita 100, 200, 300 na 400. Chupa hiyo ikae na injini siku zote, isitumike kwa kazi nyingine, na mtoto asiikaribie.

Namna ya kuchanganya:
1. Mimina petroli kidogo mtungini, kama robo.
2. Tia oili yote uliyopima.
3. Funga, tikisa vizuri.
4. Ongeza petroli iliyobaki, funga, tikisa tena.
5. Funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi. Kitambaa maana yake ni: "Hapa pamechanganywa." Mtungi usio na kitambaa haugusi injini.

Oili yenyewe iwe ya injini za boti za mapigo mawili. Tazama kwenye chupa herufi TC-W3. Oili ya gari si sawa, kwa sababu haikutengenezwa iungue, nayo huacha masizi kwenye plagi na pistoni. Oili ya pikipiki au ya msumeno nayo imeundwa kwa injini inayopozwa na hewa, lakini injini ya boti inapozwa na maji.

Wengine hufikiri, "Nikiongeza oili zaidi, injini itadumu zaidi." Sivyo. Oili ikizidi, plagi zinachafuka, moshi unakuwa mwingi, na injini inakataa kuwaka asubuhi. Fuata kipimo.

Tena, angalia petroli yenyewe. Wako wauzaji wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Tabia hii ilienea mpaka serikali ikaweka ushuru maalum wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018 ili kuipunguza. Injini inayokunywa mchanganyiko huo huwaka kwa shida, hugonga, na hupata joto. Nunua mahali panapoaminika, chuja kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, na usitumie petroli iliyokaa miezi mingi.

MAJI YA KUPOZA

Injini ya boti haina rejeta. Inavuta maji ya ziwa au bahari kupitia matundu yaliyo kwenye mguu wake, ikiyasukuma kwa pampu ndogo. Ndani ya pampu hiyo mna gurudumu la mpira lenye mabawa, liitwalo impela. Maji yakishazunguka injini, mengine hutokea nje kwa tundu dogo. Vijana wa ufuoni husema injini "inakojoa".

Hii ndiyo taa yako ya hatari. Kila unapowasha, geuza shingo utazame. Maji yasipotoka katika nusu dakika hivi, zima. Usiseme "tutaangalia tukifika". Huenda tundu limezibwa na mchanga: jaribu kulizibua kwa uzi laini wa waya au unyasi. Huenda matundu ya chini yamefunikwa na magugu-maji. Gugu hili limesumbua sana ziwa letu tangu miaka ya 1990, na mahali ambapo limejaa, nahodha hana budi kusimama na kusafisha mguu wa injini mara kwa mara. Kama njia zote ni wazi na bado maji hayatoki, impela imechakaa.

Mambo matatu ya kukumbuka juu ya impela:
- Usiwashe injini ikiwa nje ya maji, hata kwa kuonyesha mnunuzi. Mpira unaozunguka bila maji huungua kwa muda mfupi sana. Tumia pipa lililojaa maji mpaka juu ya pampu.
- Ibadilishe mara moja kwa mwaka, hata kama bado inafanya kazi. Mahali penye mchanga na tope, mapema zaidi. Bei ya impela ni ndogo sana ukilinganisha na pistoni.
- Vipande vya impela iliyokatika vitafutwe vyote. Kikibaki kimoja kwenye njia ya maji, kitaziba.

Wasomaji wetu wa Pwani, ninyi mna kazi moja zaidi. Chumvi inakula chuma. Kila jioni iendesheni injini ndani ya pipa la maji baridi, yasiyo ya chumvi, kwa muda wa dakika 10. Pia tazameni kile kipande cha zinki kilichofungwa kwenye mguu. Kimewekwa pale ili chumvi ikile chenyewe badala ya injini. Kikiisha nusu, badilisheni. Wala kisipakwe rangi, kwa sababu kikipakwa hakifanyi kazi.

PLAGI INASEMA UKWELI

Kila baada ya wiki mbili toa plagi uzitazame rangi:
- Kahawia kama chai ya maziwa: injini ina afya.
- Nyeusi na yenye unyevu: oili imezidi, au choki inaachwa imevutwa, au injini inaendeshwa polepole kwa muda mrefu.
- Nyeupe kabisa: injini inapata joto kupita kiasi. Huenda maji hayapiti, au petroli inafika kidogo. Usiendelee na safari ndefu kabla ya kujua sababu.

Safisha kwa petroli kidogo na brashi ya waya, pangusa, kausha. Weka pengo la plagi kama kitabu kinavyosema. Usinunue plagi kwa sababu tu inaingia kwenye tundu. Namba yake iwe ile ya injini yako. Boti lisitoke bila plagi mpya mbili na spana ya plagi, vimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni.

OILI YA GIA NA PROPELA

Mguu wa injini una gia ndani, nayo ina oili yake peke yake. Wengi hawajui. Kuna skrubu mbili ubavuni, moja chini na moja juu. Kila baada ya saa 100 za kazi, au miezi 6, fanya hivi:
1. Simamisha injini wima, weka chombo chini.
2. Fungua skrubu ya chini, halafu ya juu. Oili itoke yote.
3. Itazame. Nyeusi ni uzee tu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia: sili zimekufa, na fundi azibadilishe upesi kabla gia hazijaliwa na kutu.
4. Jaza oili mpya ya gia za boti kwa tundu la chini, ukisukuma mpaka itokee tundu la juu.
5. Funga skrubu ya juu kwanza, kisha ya chini. Weka washa mpya zake.

Kwenye propela, injini nyingi ndogo za zamani zina pini laini inayoshikilia. Propela ikigonga mwamba, pini hukatika, na gia hupona. Pini imewekwa ili ivunjike. Kwa hiyo usiweke msumari wa chuma kigumu badala yake. Nimeona kikundi kikifanya hivyo, na siku walipogonga jiwe msumari haukukatika. Zilizokatika ni gia. Beba pini tatu za akiba pamoja na koleo.

Kila wiki toa propela utazame kama uzi wa nyavu umejisokota kwenye shafti. Nailoni ile hukata sili, maji yakaingia kwenye gia.

IKIKATAA KUWAKA

Usivute kamba mara 40 kwa hasira. Tulia, fuata mpango:
1. Petroli iko? Kile kifuniko kidogo cha hewa juu ya tangi kimefunguliwa? Kikifungwa, petroli haiji.
2. Paipu imeingia vizuri pande zote mbili? Minya ile pampu ya mkono mpaka iwe ngumu. Isipokuwa ngumu, kuna mahali inavuta hewa.
3. Gia iko katikati? Kamba ya usalama ya kuzimia, kama ipo, iko mahali pake?
4. Injini baridi inataka choki. Injini yenye moto haitaki.
5. Toa plagi. Ikiwa imelowa petroli, umeinywesha kupita kiasi. Ikaushe, acha tundu wazi dakika chache, vuta kamba polepole mara tano ukiwa umeziweka waya za plagi mbali na tundu, kisha rudisha.
6. Plagi ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki: tazama chujio na kabureta kama kuna maji au uchafu.
7. Kama petroli inafika na plagi ni mpya lakini bado kimya, huenda ni cheche. Hiyo ni kazi ya fundi, na ipimwe ufuoni, mbali na petroli iliyomwagika. Usijaribu kupima cheche ndani ya boti lenye mvuke wa petroli.

IKIANGUKA MAJINI

Hutokea. Ukiitoa, muda ni mali. Ikikaa hewani na unyevu ndani, kutu huanza saa hiyo hiyo. Kama huwezi kuishughulikia mara moja, ni afadhali uiache imezama kwenye maji safi, yasiyo ya chumvi, mpaka fundi afike.

Fundi, au wewe kama umefundishwa, afanye hivi: ioshe kwa maji safi kuondoa tope na chumvi, toa plagi, mwaga kabureta na petroli yote, ilaze matundu ya plagi yakitazama chini, uvute kamba polepole mpaka maji yaishe. Tia oili kidogo ndani ya kila silinda, vuta tena. Weka plagi kavu na petroli mpya iliyochanganywa, uiwashe ndani ya pipa au ufuoni, iende angalau nusu saa ikauke yenyewe. Kama ilianguka ikiwa inawaka, au kamba inakwama ukivuta, usilazimishe. Huenda chuma cha ndani kimepinda.

KUNUNUA INJINI YA MKONO WA PILI

Kabla ya kutoa pesa ya kikundi:
- Nenda na fundi wenu, si fundi wa muuzaji.
- Igusieni kwanza. Ikiwa imekwisha pashwa moto kabla hamjafika, ulizeni kwa nini. Injini nzima huwaka ikiwa baridi.
- Vuteni kamba polepole. Inapaswa kukataa kidogo na kurudisha nguvu. Ikivutika laini kama kamba ya ndoo, mgandamizo umekwisha.
- Zungusheni propela mkitazama shafti. Ikiyumba, imepinda.
- Fungueni kidogo skrubu ya chini ya gia. Matone ya maziwa ni onyo.
- Pimeni urefu wa mguu. Kuna mfupi wa sentimita 38 hivi na mrefu wa sentimita 51 hivi. Ule ubao bapa ulio juu ya propela ulingane na chini ya boti au ushuke kidogo tu. Mguu mfupi kwenye boti refu utapiga hewa.
- Someni namba ya injini. Ikiwa imekwanguliwa, rudini nyumbani. Wizi wa injini ziwani unajulikana, na kikundi kitakachokamatwa na mali ya wizi kitapoteza injini na pesa.
- Andikisheni mauziano, namba ikiwemo, mbele ya viongozi wa ufuo, na nakala ibaki kwa mwekahazina.

DAFTARI NA SANDUKU

Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka. Kununua kuna sherehe, hotuba na soda. Kutunza hakuna sherehe. Injini inapoharibika ndipo watu wanaanza kuchangishana, na aliyechanga jana hana cha kutoa leo.

Fanyeni injini ijilipie. Tuseme kila safari inaweka shilingi 100 katika sanduku la injini kabla ya pesa nyingine kugawanywa. Boti likitoka mara 5 kwa wiki, ni shilingi 500. Kwa wiki 45 za mwaka, mkiacha wiki za dhoruba na za matengenezo, ni shilingi 22,500. Pesa hizo zisikopeshwe, hata kwa mwenyekiti, hata kwa matanga. Nyumba ya matanga ina mfuko wake.

Daftari liwe na mistari hii: tarehe, nani aliyeendesha, saa alizotumia, petroli iliyotiwa, nani aliyechanganya oili, na kasoro iliyoonekana. Anayechanganya aweke sahihi. Si kwa ajili ya kumshtaki mtu. Ni ili pasiwe tena na "nilidhani wewe umefanya".

Daftari pia litawafunulia jinsi petroli inavyotumika. Injini ya nguvu za farasi 15 ikifunguliwa mpaka mwisho inaweza kula lita 6 hadi 8 kwa saa, au zaidi. Jaribuni safari moja mkirudisha mkono wa gesi nyuma kidogo, mlinganishe. Mtachelewa dakika chache, lakini mtaona tofauti kwenye mtungi.

Kuna ukweli mwingine usiofichika. Katika injini ya namna hii karibu robo ya petroli inaweza kutoka bila kuungua, ikaingia majini na hewani. Ndiyo sababu Marekani na nchi za Ulaya ziliweka sheria zilizoziondoa injini mpya za aina hii katika masoko yao. Tunakunywa maji ya ziwa hili, na samaki wetu wanaishi humo. Kwa hiyo usimwage oili chafu majini, na sanduku likijaa, kikundi kifikirie siku moja kununua injini ya mapigo manne, ambayo inakula kidogo. Lakini kwanza jifunzeni kuitunza hii mliyo nayo. Asiyetunza kuukuu hataitunza mpya.

MAISHA KWANZA

Jazeni tangi nchi kavu, injini ikiwa imezimwa, bila sigara wala taa ya moto. Kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha, si kulikalia. Msipakie kupita uwezo wa boti. Mtungi wa akiba uwe umechanganywa na kufungwa kitambaa. Tena, hata injini iwe nzuri namna gani, kasia mbili zisikose chomboni. Kama si kasia, ningekuwa nawaandikia habari nyingine leo.

Kile kikundi cha kisiwani kililipa fundi kwa akiba ya mwaka mzima. Silinda ikachongwa, pistoni kubwa zaidi ikatiwa, na kwa saa 10 za kwanza wakatumia oili mara mbili ya kipimo, polepole, kama fundi alivyoagiza. Kuna watoto waliochelewa kurudi shuleni muhula huo kwa sababu ya pesa hizo. Lakini injini iliwaka. Kijana yule aliyelaumiwa, mkutano ulimchagua awe mtunza injini. Yeye ndiye aliyebuni kile kitambaa chekundu. Mara ya mwisho nilipowatembelea, alinifungulia daftari kabla hata sijaketi. Kila mstari ulikuwa na sahihi.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayejua kipimo cha oili cha injini yetu? Wako wangapi? Kama ni mmoja tu, akisafiri itakuwaje?
2. Impela yetu ilibadilishwa lini? Kuna mahali pameandikwa?
3. Injini ikifa kesho, sanduku lina pesa ngapi?
4. Vijana wetu wanaoendesha boti, tumewafundisha au tumewaachia wajionee?
5. Tutaanza na jambo gani moja kabla ya mkutano ujao, na nani atalisimamia?